Siku Pikapu Ilipobeba Watu wa Maziko

Marahaba, mjukuu wangu Mwanasha. Hapa Msambweni hatujambo. Goti la bibi yako limepata nafuu, na mbuzi wake amezaa pacha.

Umeniuliza kama ni lazima uwaambie watu wa bima kwamba Jumamosi gari lako hubeba abiria. Mimi nilipokuwa kijana nilikuwa na pikapu, na kwenye fomu ya bima niliandika kuwa inabeba nazi zangu tu. Siku moja kukawa na maziko Vanga. Huku kwetu mwenye gari hawanyimi watu wa maziko, kwa hivyo niliwapakia majirani, nao wakachangia mafuta. Njiani tukaingia mtaroni. Watu walisalimika, pikapu ikapondeka.

Mkaguzi wa bima alikuja akaniuliza, "Walikulipa?"

"Walichangia mafuta tu. Ni majirani zangu."

"Bwana, bima yako ni ya nazi."

Hawakunilipa. Nilimkasirikia sana yule mkaguzi, mpaka nilipoisoma tena fomu na kuuona mwandiko wangu mwenyewe.

Gari lililofuata nalo lilibeba watu wa maziko, lakini wakala wa bima nilimwambia tangu siku ya kwanza. Wako mpigie kabla ya Jumamosi.

Babu yako