Sare Hujichukulii

Kwa mdogo wangu Mwanamvua, Kilwa Kivinje.

Marahaba, maana najua kabla hawajakusomea mstari huu umeshaniamkia. Goti linakusumbua bado? Na shemeji, kifua kimetulia? Sisi huku Kariakoo hatujambo, ila lifti ya ghorofa yetu imekufa tena, na tunakaa ya nne. Nikishuka nimeshuka, nikipanda nimepanda, siku imekwisha. Barua hii nasema mimi, anaandika Zainabu mwenyewe, mjukuu wetu. Nimemwambia andika ninavyosema, usipunguze. Kwenye simu wewe husikii, unaitikia "ehe, ehe" halafu unaniuliza mchele bei gani.

Sasa sikiliza. Nilikuletea habari kwamba Zainabu anarudi kwako kabisa, umtandikie kile chumba cha uani. Usitandike. Ngoja nikueleze.

Si unajua mama yake, Hadija wangu, alimtoa kwako akamleta Dar asome sekondari. Shule nzuri, ina ukumbi mkubwa. Lakini watoto wa humo wamejigawa, mdogo wangu, kama tulivyojigawa sisi enzi za ngoma ya lelemama. Wako wanaoshushwa na magari getini, hao wanaitwa Wa Geti. Wako watoto wa huku Kariakoo na Magomeni, hao Wa Sokoni. Kila kundi na benchi lake, na vicheko vyake. Zainabu wakamwita Wa Kuja, na huyo Wa Kuja yuko peke yake. Mwaka mzima anakula chapati amesimama kwenye bomba la maji. Mimi sijui. Akirudi namuuliza, "Shule vipi?" "Poa, Bibi." Poa gani hiyo? Hapa alikataa kuandika, nikamwambia andika.

Basi mwalimu wao mmoja, binti mdogo tu, akatunga mchezo wa kuigiza. Mambo yao hayo hayo: mtoto mgeni anaingia shule yenye makundi mawili, huku wanamvuta, huku wanamsukuma. Tena hawasemi, wanaimba. Mtu anagombana anaimba, analia anaimba. Nikasema huu si mchezo, hii taarabu ya watoto. Na nani kapewa awe huyo mgeni? Zainabu! Kwa sauti, mdogo wangu. Unaikumbuka sauti ya marehemu mama akitwanga? Imeniruka mimi, imemruka Hadija, imetua kwa huyu.

Nikafurahi. Kumbe bado.

Hadija anauza vitenge Mtaa wa Msimbazi. Siku moja wakamjia wasichana watatu wa shule. Mmoja Nisha, mtoto wa Kihindi, kwao wana duka la masufuria. Huyo ndiye kinara wa Wa Geti, na kwenye mchezo ndiye anayemtesa mgeni. Wakachagua kitenge cha bluu chenye tausi, vipande kumi na vinne. "Sare ya wimbo wa mwisho, mama." Hadija akakata kwa mkono wake, akawapunguzia, akawapa na maji ya baridi. Jioni karudi anacheka, "Zai, sare yenu nimeikata mimi!" Mtoto akamwangalia. "Sare gani?"

Wasichana wa mchezo ni kumi na tano.

Kesho yake akawauliza. Nisha akamjibu, "Wewe si mgeni? Mgeni anavaa sare ya nani?" Wenzake wakacheka, na Wa Sokoni nao wakacheka. Mwaka mzima hawaelewani, kwa kumcheka huyu wakaelewana. Mtoto akaja akafunga begi. Anaenda Kilwa kwa bibi mdogo, hataki mchezo, hataki shule. Hadija akasema, "Kitambaa kimebaki, nakukatia sasa hivi." Akamjibu, "Mama, sare hujichukulii. Sare unaambiwa."

Na kweli, Mwanamvua. Nani anajivisha sare asiyoambiwa? Bora uende na gunia.

Nikakaa naye nikamhadithia siku wale mabibi wa ng'ambo ya pili walipotunyima sare ya hariri, mimi na wewe tukaingia ngomani na kaniki, tena wewe mjamzito, tumbo hili hapa. Uliimba mpaka wenye hariri wakaitikia, hawataki lakini wanaitikia. Nikamwambia, "Basi la Kilwa lipo kila siku. Imba kwanza, waone wanamkosa nani." Akasema, "Mara moja tu, Bibi. Jumapili naondoka." Nikasema sawa.

Jumamosi nikashuka ngazi zote. Ukumbi umejaa, na kimya, utadhani msibani. Mtoto anaimba vile, hakuna hata kigelegele! Wazazi wameinua simu tu. Hadija kanishika mkono, "Mama, huku wanapiga makofi mwisho."

Ukaja wimbo wa mwisho. Kundi huku, kundi kule, wote tausi wa bluu, na Zainabu nyuma peke yake na gauni lake la Idi ya mwaka juzi. Anatakiwa avuke jukwaa akiimba, wampokee mbele. Akapiga hatua mbili akasimama. Kaziangalia zile sare, sauti ikakatika. Watu wanadhani ndiyo mchezo. Mimi namjua, pale haigizi.

Sijui nani aliniinua. Mwali akikwama njiani unafanya nini? Unamtandikia kanga akanyage apite. Nikapanda jukwaani, nikavua kanga yangu ya juu nikaitandika miguuni pake, nikapiga kigelegele hicho! Mwalimu akaja mbio, "Bibi jamani, mchezo unaendelea!"

"Na mimi ndiyo nauendeleza, mwanangu. Nipishe."

Hadija akafuata, akatandika yake. Mama mmoja wa Magomeni, simjui hanijui, akatandika yake. Mmoja kavaa suti, kanga hana, akavua mtandio. Bibi yake Nisha, mtu mzima ndani ya sari yake, akaleta shali, tena anatukemea tunatandika upande! Vigelegele ukumbi mzima. Zainabu akaanza kukanyaga, na sauti ikatoka, siyo ile ya mazoezi. Ile ya mama yetu. Nguo zikatuishia, imebaki hatua moja. Nisha akavua kilemba chake cha tausi akakitandika pale kwenye pengo, akampa mkono akamvuta. Hilo kwenye mchezo halimo, mwalimu mwenyewe kaniambia, kamasi zinamtoka.

Lakini Jumapili begi bado liko mlangoni. Mara hodi. Nisha, anahema, kapanda ghorofa nne, nyuma yake wasichana kama sita, Wa Geti na Wa Sokoni mchanganyiko.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba. Mmetumwa?"

"Hapana. Nilimkosea Zai."

"Basi mimi si Zai."

Akamgeukia. "Zai, nilikufanyia vibaya. Tumekuletea sare yako. Jumamosi tunarudia, wazazi wameomba. Na Bibi aje."

Zainabu akamwacha asimame hivyo kidogo, na mimi nikamwacha amwache. Kisha akachukua kile kitenge akajifunga palepale juu ya nguo zake. Begi nimelifungua mimi mwenyewe.

Nisalimie shemeji, na wifi yetu wa vitumbua, na yule kungwi wangu kama macho bado yanaona, na fundi aliyeniezekea nyumba, mwambie inavuja. Na pale dukani wakikuuliza yule mtoto aliyeshindwa na Dar anarudi lini, waambie anakuja likizo, kutembea tu, na haji peke yake. Anakuja na watu wake.

Ni mimi dada yako Somoe, niliyesema yote haya kwa mdomo wangu, na dole langu nimelibandika hapa chini.