Ukurasa wa Mazalia ya Sato

Jumatatu, 3 Machi
Nimesahihisha sura ya uchumi kwa ajili ya chapa ya pili ya kitabu changu. Dagaa, pamba, mihogo, dhahabu. Sura ya wanyama haina kosa. Ya urithi imebakiza picha moja ya Butiama. Shule nyingi zinakitumia kitabu hiki cha mkoa wetu, nami nilikiandika peke yangu. Najivunia zaidi ramani ya kijiji cha Murangi: mazalia ya sato kwenye matete, pamoja na idadi ya hatua kutoka mwaloni, mahali mitumbwi inapofikia. Nilizihesabu mwenyewe.

Jumatano, 12 Machi
Shemeji Nyangeta, mdogo wa marehemu mke wangu, amepiga simu kutoka Murangi. Wageni kutoka Bunda wameingia kwenye matete na makokoro, nyavu zile zinazokomba hadi vifaranga wa samaki. Desturi ya kijiji ni moja: masika yakianza, hakuna anayetega pale mpaka vifaranga watoke, na mgeni haonyeshwi mazalia. Mimi alinionyesha Nyangeta, kwa kuwa mimi ni mtu wa nyumbani. Wazee wamemshuku Masatu, mvuvi mwenye watoto watano, kwa sababu huenda Bunda mara kwa mara. Wamemzuia kuingia ziwani.
Nilisema, "Pole, shemeji." Niliikumbuka ramani yangu. Niliogopa.

Ijumaa, 21 Machi
Bunda, sokoni. Mchuuzi mmoja wa samaki aliniita kwa sauti: "Mwalimu wa ramani! Wengine wanatuuzia maneno, wewe umetupa mpaka hatua!" Wenzake wakacheka. Mwanawe alikuwa amerudi na kitabu changu kutoka shuleni.
Basi si Masatu. Ni mimi. Nimerudi nyumbani Kamunyonge bila kununua chochote.

Jumapili, 23 Machi
Murangi, baada ya ibada. Masatu alinipa shikamoo, nikaitikia. Akasema, "Mwalimu, mimi Bunda nilikuwaga naenda kununua nyuzi tu. Wewe wanakusikiliza. Niombee kwa wazee." Nilimwahidi. Kisha nikala ugali kwa shemeji, nikaondoka. Sikumwambia mtu.
Darasani niliwahi kuwachapa watoto walionyamaza mwenzao akiadhibiwa bure. Leo nimenyamaza, mtu mzima mwenye mvi. Woga mtupu.

Jumanne, 25 Machi
Nimesema. Mwaloni, mbele ya wazee, Masatu akiwapo. Nilifungua ukurasa wa ramani, nikawaonyesha. Nilieleza kwamba niliona kitabu bila vipimo hakijakamilika. Maelezo ya kipuuzi. Hakuna aliyenifokea; kufokewa kungekuwa nafuu.
Mzee mmoja akasema, "Kumbe mwizi wetu anavaaga miwani!" Wakacheka. Nyangeta hakucheka. "Shemeji, nilikuonyesha wewe. Sikuzionyesha shule."
Wazee walimruhusu Masatu papo hapo. Alichukua kasia, akapita mbele yangu bila salamu. Ana haki.

Ijumaa, 28 Machi
Mvua tangu alfajiri. Nimeuondoa ukurasa katika chapa ya pili. Nimezungukia shule tatu, nikaukata kwenye nakala za zamani kwa wembe. Zimebaki shule nyingi. Makokoro hayajakoma. Kijiji kimepanga zamu za kulinda matete. Nimewaomba wazee wanipe zamu moja, ya asubuhi, kwa kuwa gizani sioni vizuri.
Hawajanijibu.