Kisigino Kirefu

4 Machi

Baba, shikamoo.

U hali gani? Kidonda kimekauka vizuri? Mie mzima, kazi ndizo zilezile. Nimefurahi kusikia umetoka kituo cha tiba ya viungo ukitembea kwa mguu wa bandia. Nakutumia viatu vya ngozi. Vivae siku utakayofungua kibanda. Fundi viatu kama wewe usijifungie ndani, Baba, wateja wanakuulizia.

Binti yako, kitindamimba

19 Machi

Kitindamimba wangu, marahaba.

Mimi sijambo, ila mguu uliokatwa bado unaniwasha vidoleni. Vidole gani, hata sijui! Viatu vimefika, vizuri mno. Kibanda nitafungua tu, haraka ya nini?

Baba yako

2 Mei

Baba, shikamoo.

Mbona kimya hivyo? Shangazi kaniambia yote. Ulivaa viatu vyangu ukaanguka mlangoni, na tangu siku hiyo mguu umeutupa mvunguni. Halafu mimi unaniandikia "vizuri mno"! Kumbe ni mimi niliyekuangusha. Nimelia, Baba. Nisamehe. Hivyo viatu vitupe.

Binti yako

15 Mei

Mwanangu, marahaba.

Shangazi yako mdomo wake hauna kifuniko. Haya, nilianguka, na aibu niliyoipata sikuweza kuiandika. Nikajisemea, basi tena, mimi nimekwisha.

Lakini uliposema nivitupe, hasira zikanipanda. Ngozi nzima ile itupwe, nawe umelelewa na fundi viatu? Nikavipakata nivitazame. Lo! Kisigino kirefu! Kituoni walinieleza: mguu huu umepimwa kwa kisigino kifupi cha kiatu nilichotoka nacho. Ukivaa kirefu, unakusukuma mbele. Miaka thelathini nawasomea wateja habari za visigino, changu sikukiona. Mganga hajigangi.

Kisu changu kiko kibandani. Nikauvuta mguu mvunguni, nikaufunga, nikavaa kile kiatu cha zamani, nikashika magongo. Jirani wote wakatoka kutazama, utadhani napita na ngoma. Nimevikata visigino vyote viwili, nikavipima, nikavivaa, nikazunguka kibanda mara tatu. Sikuanguka. Mama mmoja akachungulia: "Fundi, umefungua?" Nikatazama kisu mkononi. Nikamwambia, lete.

Hukuniangusha wewe, mwanangu. Ila siku nyingine muulize kwanza baba yako kisigino.

Samahani kwa mwandiko. Naandika nimesimama, kigoda kakalia mteja.

Baba yako, fundi viatu