Nilimwona kwa Macho Yangu, au Niliambiwa?

Dada Shakila, mimi ni msomaji wako wa huku Mandawa, Ruangwa, nina jambo limenikaa kifuani na sijui pa kulipeleka. Mwaka juzi ng'ombe waliingia shambani kwangu wakamaliza ufuta wote, nikasimama kwenye mkutano wa kijiji nikaapa kwamba nilimwona Kashinje, mfugaji wa Kisukuma jirani yetu, akiwaswaga amevaa koti la kijani, naye akasema, "Mama Huzaifa, siku hiyo sikuwapo," lakini mimi mwenyeji yeye mgeni, nikaaminiwa mimi, akaambiwa ahame, akaenda Narung'ombe na mkewe Leah mwenye mimba kubwa.

Mwaka huu nilikuwa Dar es Salaam kwa binti yangu Hafidha anayesomea uuguzi, akanipeleka kujitolea kwenye utafiti wa kumbukumbu. Wakanisomea maneno: uzi, cherehani, tundu, pini, kushona. Baadaye wakaniuliza kama nilisikia "sindano", nikasema ndiyo, tena sauti ya dada aliyetusomea akilitamka naisikia mpaka leo, kumbe halikusomwa kabisa! Siku nyingine wakanibandika sponji mbili kichwani, wakapitisha umeme mdogo, nikahisi kama sisimizi wanatembea, wakanisomea maneno mengine na kuniuliza tena, na safari hii yale ambayo hayakusomwa nikayakataa karibu yote. Dada, nikasema Subhanallah, kichwa nilichokibeba miaka hamsini na mbili kumbe sikijui. Daktari wa utafiti ule akaniambia, "Mama, hukudanganya. Ubongo ulijaza pengo."

Tangu hapo sina amani, maana nakumbuka nilifika shambani ng'ombe wameshaondoka, na habari ya koti la kijani alinipa shemeji yangu Masoudi njiani, lakini Kashinje bado namwona, namwona kabisa! Nilikwenda Narung'ombe, Leah akanikaribisha maziwa, mtoto akanipanda mapajani, nikashindwa kusema, nikarudi. Je, nirudi Dar wanipitishie umeme tena ili kwanza niujue ukweli?

Mama Huzaifa, Mandawa

Mama Huzaifa, barua yako nimeisoma mara tatu. Mimi pia nimejiuliza ni mangapi ninayoyaapia ambayo hayakutokea. Pole sana. Hukusema uongo, maana mwongo anajua anachoficha.

Ila sasa unajua, na ukinyamaza kuanzia leo, huo ndio uongo. Usijifiche nyuma ya mashine. Umeme ule ulikusaidia kwa maneno uliyosomewa palepale, hakuna aliyekuahidi kwamba utafukua siku ya mwaka juzi. Unatafuta uhakika ili ukwepe aibu. Na hebu jiulize, Kashinje angekuwa mtu wa ukoo wenu, ungeapa haraka vile?

Huhitaji kuthibitisha kwamba hakuwapo. Inatosha kukiri kwamba huna hakika alikuwapo. Wiki hii nenda kwa mwenyekiti wa kijiji, mwombe aitishe mkutano, useme mbele ya watu walewale, kwa sauti ileile, na mtendaji aandike. Masoudi naye aulizwe alimwona nani. Halafu nenda Narung'ombe na mumeo, umwambie Kashinje yote kabla hujakaa.

Akikufukuza, ondoka kwa adabu. Akikusamehe, shukuru, na usimwombe akuambie kwamba hukukosea.

Dada Shakila