Njuga ya Wanjala

Kwa ndugu yangu Barasa,

Nakusalimu, ingawa leo sina hamu ya salamu. Natumai huko Nairobi watoto ni wazima na kifua cha Mama kimetulia. Mimi huku Uingereza ni mzima, baridi tu, na bado nafanya kazi ya kumtunza yule mzee wa Kiingereza.

Mzee huyu ana wazimu wa mashine ya kutafuta vyuma ardhini. Jumamosi nilimsindikiza shambani, mashine ikalia, akanipa sepeto nichimbe. Tukatoa njuga ya zamani ya mtoto, imebonyea, imejaa udongo, haitoi hata mlio. Barasa, mzee alipiga magoti matopeni! Akaisafisha kwa mswaki, akaifunga kwa pamba, na huyo mtoto aliyeivaa hamjui wala hamhusu.

Kesho yake mkeo akanipigia kunieleza uliyoyafanya. Nilipokuuliza ukanijibu, "Sista, ilikuwa tu bati ya kutu. Nilikuwa nasafisha nyumba, nikapea jamaa wa skrapu."

Bati ya kutu! Umesahau Baba alikuwa fundi bati hapo mtaani Shauri Moyo? Kila mmoja wetu alipoanza kutambaa, Baba alimtengenezea njuga ya mguuni na kutia ndani vipande vya misumari, kila mtoto na idadi yake, ili Mama akiwa jikoni ajue kwa mlio ni nani anayeelekea mlangoni. Yangu na yako tulizipoteza wenyewe, sina neno. Lakini ile ya Wanjala, mdogo wetu aliyekufa kabla hajatembea, Mama aliihifadhi kwenye kopo lake la sindano za kushonea miaka yote hii. Picha yake hatuna. Nguo yake hatuna.

Halafu badala ya kukiri, ukaenda kwa mafundi wakakutengenezea nyingine, ukaipaka matope ionekane kuukuu, ukamwapia mama yako mzazi kuwa ni ile ile. Huna haya? Mkeo anasema Mama aliitikisa, akaitikisa tena, kisha akauliza, "Mbona simsikii? Nimemsahau mwanangu?" Nawe ulikuwa hapo hapo ukimtazama. Nimekasirika, Barasa.

Sasa nisikilize. Kesho usiende kazini. Mtafute huyo mnunuzi wa vyuma chakavu sokoni Gikomba, mtafute mpaka Kiamaiko, upekue kila gunia kwa mikono yako. Ukiikuta imepondwa, usithubutu kuinyoosha, mletee Mama hivyo hivyo. Lakini kabla hujatoka mlangoni, kaa na Mama umwambie ulivyofanya. Hajasahau chochote, na wewe unamwacha alale akijilaumu.

Nisalimie wifi yangu, mkeo, aliyekuwa na ujasiri wa kunipigia. Nisalimie shangazi yetu wa mtaa wa Jericho, na mchungaji anayekuja kumwombea Mama. Mama mwenyewe usimpe salamu zangu, naona haya. Jana nilimpigia, akaniomba nimkumbushe jinsi njuga ya Wanjala ilivyolia, na mimi pia sikumbuki.

Ni mimi dada yako mkubwa,
Nekesa