Mtoto Aliyepewa Jina la Mtu Aliye Hai

Nakuru,
Jumapili mchana

Mama yangu mpendwa,

Nakusalimu sana, wewe na wote mlioko hapo nyumbani. Magoti yanaendeleaje? Bado yanakusumbua ukipanda ule mlima wa kanisani, au dawa niliyotuma imesaidia? Na mvua ya Wundanyi, imewafikia au inawatania tu? Mimi ni mzima wa mwili. Hapa Nakuru baridi ni ile ile. Asubuhi natoka Milimani, kwenye kachumba nilichopanga nyuma ya nyumba ya watu wenye uwezo, na nikifika wodini mikono yangu ni baridi hadi watoto wanaruka nikiwagusa.

Najua utauliza kwa nini nakuandikia na simu ipo. Kwenye simu utanikatiza ukicheka, kisha utaniambia nisali. Hili nataka ulisikie lote kwanza.

Nilikuambia nimehamishiwa wodi ya watoto waliozaliwa na moyo wenye kasoro. Wengine wana tundu katikati ya moyo. Wengine, juu ya tundu hilo, njia ya damu ya kwenda mapafuni ni nyembamba, kwa hivyo damu haipati hewa ya kutosha, na midomo na kucha zao zinageuka rangi ya zambarau. Hawa ndio wananinyima raha. Mtoto akicheza kidogo tu anachuchumaa. Hakuna aliyemfundisha, mwili wenyewe unajua kwamba ukikunja magoti pumzi inarudi. Akilia sana anaweza kuzimika. Kwa hivyo kazi yangu ni kuhakikisha hawalii, na mmoja akizimika, kumkunja magoti hadi kifuani, kumpa oksijeni na kumwita daktari bila kupiga kelele. Nimekuwa mchekeshaji, mama, mimi ambaye ulisema nina uso wa karani wa mahakama.

Kati yao kuna msichana anaitwa Chebet, wa kutoka Keringet, ambaye hajaanza shule. Mama yake anapika katika kantini ya wafanyakazi kule Olkaria, kwenye mitambo ya umeme wa mvuke, kwa hivyo aliyekuwa akikaa naye wodini ni nyanya yake. Wakipsigis humwita nyanya Kogo, na sisi wote tukamwita hivyo. Chebet alikuwa akingoja madaktari wa upasuaji wa moyo, ambao huja kwa wiki moja kisha wanaondoka, na hakuna anayejua watarudi lini. Daktari wetu alisema wazi kwamba mtoto huyu hatafikia safari yao ijayo.

Asubuhi moja kabla hawajafika, nilikuwa nikimtoa damu ya kupima. Alilia, rangi ikageuka, macho yakapinduka. Nikamkunja magoti, nikamwekea oksijeni, nikamwita jina lake. Hakuitika. Kogo akanisogeza kwa kiwiko, akainama sikioni mwa mtoto, akaita polepole, "Tabutany." Chebet akavuta pumzi moja ndefu na kufungua macho. Nilijiambia ni oksijeni iliyofanya kazi, na mpaka leo nasema ni oksijeni.

Lakini alipotulia aliniambia, "Sista, nilikuwa kwa moshi. Moshi inatoka kwa mchanga, na maziwa imemwagika."

Mtoto huyo hajawahi kufika Olkaria. Mchana mama yake akapiga simu, na katikati ya habari zake nyingi akasema, bila kutaja jina, kwamba mama mzee anayeuza maziwa kwenye lango lao alianguka asubuhi, karibu na pale mvuke unapotoka ardhini, akamwaga maziwa yote, kisha akaamka mwenyewe. Nilikuwa nimeshika simu ili Kogo asikie vizuri. Kogo akaikata bila kuaga.

Nilimkalisha nikamwuliza Tabutany ni nani. Hakutaka kusema, halafu akasema yote. Kwao, mtoto akizaliwa, wanawake wazee hukaa pamoja wakaita majina ya wafu wa ukoo, moja baada ya jingine. Mtoto akipiga chafya jina fulani likitajwa, basi huyo ndiye aliyerudi. Ili chafya isikawie, wengine humnusisha mtoto ugoro kidogo. Hapo nikacheka, nikamwambia basi ni ugoro unaochagua majina. Kogo hakucheka. Alisema ugoro ulikuwepo kwa kila jina, na Chebet hakupiga chafya hata mara moja, mpaka wafu wakaisha. Ndipo mmoja wa wale wazee akasema wajaribu Tabutany, dada yake Kogo, aliyepotea wakati wa zile fujo za mashamba, nyumba zilipochomwa na kila mtu akakimbilia kwake. Hakuwa amezikwa, na hakuna aliyewahi kuleta habari zake. Kogo alikataa, wenzake wakaita. Mtoto akapiga chafya.

Basi wakajua amekufa. Walimlilia dada yao, wakanyoa nywele, na mtoto akachukua jina. Baadaye mama Chebet akapata kazi Olkaria, na siku ya kwanza aliponunua maziwa langoni aliona uso wa mama yake mwenyewe. Alipomwuliza mzee yule jina lake, akaambiwa ni Tabutany.

"Wafu ndio huitwa," Kogo akaniambia. "Sisi tumeita mtu iko hai. Sasa pumzi ni moja na watu ni wawili. Mkifungua hiyo kifua, mmoja atabaki bila."

Tangu apate habari hizo hakuwahi kwenda kumwona dada yake. Aliogopa kuangaliana na mtu aliyekwisha kumlilia.

Madaktari wakaja. Daktari wetu akamchorea Kogo moyo, akamwonyesha pale penye tundu na pale watakapopanua njia. Alisikiliza kwa heshima, akauliza maswali ya maana kuliko ya wanafunzi wetu, kisha akakataa. Mama Chebet kwenye simu alikuwa akilia, akasema hawezi kumruhusu mtoto aingie kinyume cha neno la mama yake. Wiki ilikuwa inaisha na kitanda cha Chebet kilikuwa karibu kupewa mtoto mwingine. Mama, nilikasirika. Nilimwambia Kogo kama mambo ni ya pumzi ya Tabutany, basi Tabutany mwenyewe aje aulizwe.

Mama Chebet alimleta kesho yake. Ni mwembamba, amejifunga shuka, ana uso wa Kogo kabisa. Mlangoni mwa wodi hakuingia mara moja. Alichuchumaa, magoti kifuani, akingoja pumzi, na Chebet kitandani alimwona akacheka, akakunja magoti yake pia. Wakaangaliana hivyo. Mimi ni muuguzi, najua wazee wengi moyo unachoka, na najua watoto huiga.

Kogo alimgusa dada yake shavuni kwa mgongo wa mkono, kama tunavyopima mtoto homa. Halafu wakalia kwa kilio ambacho sijui nikueleze vipi, maana hakikuwa cha furaha wala cha matanga. Kogo akataka wazee waitwe, jina litolewe, mtoto apewe jingine. Tabutany akasema hakuna wakati. Mama Chebet ndiye aliyenitafsiria maneno yake: "Mtoto aingie. Mimi nimepumua miaka mingi." Kogo akainamisha kichwa, na hiyo ndiyo ilikuwa ruhusa.

Nilimsindikiza Chebet hadi mlango wa chumba cha upasuaji nikimwimbia upuuzi. Walikaa naye muda mrefu. Walipomtoa alikuwa na mirija kila mahali, lakini niliinua shuka nikatazama kucha zake, na zilikuwa nyekundu, nyekundu ya kawaida kama za mtoto yeyote. Nililia hapo hapo, mkuu wa zamu akanitoa nje.

Nikakimbilia kwenye benchi kuwapa habari. Kogo na mama Chebet walikuwa wameenda kuchukua chai, Tabutany amekaa peke yake. Nikamshika mikono nimwambie mtoto amepona. Kucha zake zilikuwa zambarau. Ninayo mfukoni ile mashine ndogo ya kubana kidole, inayopima hewa kwenye damu. Nikambana. Ikatafuta, ikatafuta, ikaonyesha vistari tu, bila namba. Nikajibana mimi, ikasoma sawasawa. Nikambana tena yeye, vistari.

Akautoa mkono wake taratibu, akauficha ndani ya shuka. Kiswahili alikuwa nacho kumbe.

"Usiambie dada yangu," akasema.

Nilimwambia asisogee, nikaenda kumwita daktari. Tuliporudi benchi lilikuwa tupu. Mlinzi wa lango akaniapia, "Sista, hakuna mathe mzee ametoka hapa." Lango la nyuma lipo, na huenda alipita huko. Mikono ya wazee ikiwa baridi mashine hizo hukosea. Yote hayo nimejiambia.

Sasa Chebet anakula ugali na kukimbia kwenye korido hadi namgombeza, na kumgombeza kwenyewe ni raha. Mama yake amerudi kazini. Anasema langoni hakuna maziwa tena, na nyumba ya Tabutany imefungwa, majirani ndio wanakamua ng'ombe. Kogo hajaambiwa; anadhani siku ile dada yake aliwahi gari la kurudi Olkaria. Kila asubuhi ananipa simu yake nimpigie dada yake, na simu haipatikani. Anasema, "Iko kwa biashara, huyo." Anacheka, anawaambia wageni wote kwamba aliogopa bure, kwamba watu wawili wamepona kwa kisu kimoja. Mimi naitikia. Naogopa, mama, na sina mtu mwingine wa kumwambia.

Nisalimie baba, mwambie asiache dawa za presha. Nisalimie shangazi Mghoi, anayeniombea kila Jumatano. Na nisalimie kaka yangu Mwakio na mke wake, ambaye nasikia siku zake zimekaribia. Mwakio alinipigia akasema akizaliwa msichana mtamwita Wakesho, kwa vile mimi niko mbali na mnanikosa. Nilifurahi sana aliposema. Lakini tafadhali, mama, mpeni jina lingine. Lolote. Na usiniulize sababu kwenye simu.

Ni mimi binti yako, niliye hai,

Wakesho