Nilinunua Dirisha Kabla ya Ofisi

Kwako Mwalimu Adhis, mshauri wetu mpendwa wa ukurasa huu,

Naomba msaada, lakini kabla hujavaa miwani yako ya kusahihisha nikwambie mapema kwamba shule niliiacha Form Two, kwa hivyo nukta zikikosekana usinichape, na pia usifikirie umeandikiwa na mtu wa mchezo, mimi ndiye kijana anayeuza magodoro mengi kuliko mtu yeyote katika kampuni yetu, Nairobi yote pamoja, na nayauza nikiwa hapa kwetu juu ya Karatina, karibu na msitu, bila kukanyaga duka, siku zingine bila hata kutoka kitandani.

Kazi yenyewe ni hivi. Mteja anapiga simu, simu inaingia kwa kompyuta ya kampuni iliyo juu ya magoti yangu, namweleza habari za godoro. Wenzangu wanasoma karatasi, ati inchi nane, ati sponji ya hali ya juu. Mimi sisomi. Mteja akiniuliza niko wapi namwambia, "Niko ofisini kwangu, mbele ya dirisha kubwa, na mlima umejifunika ukungu mpaka shingoni kama mtu amekataa kuamka, sasa mama, hivyo ndivyo utakavyolala." Mama mmoja wa Kutus alivuta pumzi ndefu kama mtu ameshalala, kisha akasema apelekewe mawili. Najib, mfanyabiashara wa ng'ombe kule Nanyuki, ambaye mlima huo huo anauona kila siku kutoka upande wake, aliniambia, "Wewe kijana ni mwongo, lakini hebu endelea kuongea." Akachukua sita.

Shida, Mwalimu, ni kwamba dirisha halikuwepo. Chumba changu ni cha mbao, kiko nyuma ya jiko la Shosho Watiri, nyanya yangu aliyenilea, na kile kitundu cha hewa nilikiziba na gunia kwa sababu ya baridi, na mlima nilikuwa nauona asubuhi tu nikienda chooni, dakika mbili tatu, kabla mawingu hayajaushukia.

Sasa mwezi uliopita mkubwa wetu, Madam Beverlyne, akatuandikia kwamba kila anayefanyia kazi nyumbani siku zote atalipiwa ofisi, mara moja tu, yaani meza, kiti na intaneti ya kuunganishwa, halafu kila mtu atume picha na risiti. Pesa ikaingia kwa simu. Nikashuka Karatina kununua kiti, na nakuapia miguu yangu ilikuwa inaenda kwa kiti, lakini nikapita kwa fundi wa vyuma, na nje ya karakana yake kulikuwa kumeegemezwa dirisha. Pana kama mlango uliolazwa. Mtu aliagiza, akahama, hakurudi. Na ndani ya kioo mawingu yalikuwa yanapita pole pole, moja, halafu lingine, halafu nafasi ya samawati, na hiyo ni Karatina Mwalimu, na vumbi yake na watu wake wa viazi, lakini mle ndani hakuna aliyekuwa anapiga kelele. Nilisimama hapo mpaka fundi akamaliza kuchomelea geti zima.

Akaniuliza, "Nyumba iko wapi?"

Nikamwambia, "Inakuja."

Na pesa yote ikaishia hapo, pamoja na ya pikapu ya kulibeba.

Unacheka? Cheka tu. Lakini ungeliona sasa! Nimelisimamisha pale shamba la chai linapoanza kuteremka, limeshikwa na nguzo mbili, hakuna ukuta, hakuna paa, ni dirisha tu na mimi nyuma yake nimekalia kigoda cha Shosho cha kukamulia ng'ombe. Asubuhi majani ya chai yanakuwa na umande, ukungu unapanda kutoka mtoni bila haraka, unafika kwa kioo unakilamba, halafu mlima unatoka ndani yake kidogo kidogo, kwanza vile vichwa vyeupe, kisha mabega, na simu ikilia wakati huo Mwalimu, huyo mteja hana pa kutorokea. Wiki hiyo niliuza mpaka Madam akauliza kama nimeajiri mtu.

Hata Shosho amelizoea. Akitoka kupeleka majani ya chai kituoni, pale yanapopimwa na kununuliwa, anaweka kikapu chini, anaketi kando yangu kwa nyasi, anaangalia. Siku moja nikamtania, "Shosho, sogea tu hapo kando uuone mlima bure, kioo ni cha nini?" Akaniambia, "Kwa kioo mlima uko karibu." Nikamwachia hapo, mambo ya wazee.

Basi mvua imeanza. Juzi kompyuta niliiokoa na gunia la mbolea. Na Madam ameandika mara ya pili: Ijumaa picha na risiti, la sivyo Jumatatu nirudishe kompyuta. Rafiki yangu Moffat, fundi wa meza na viti, ananiambia, "Wewe keti kwa hii meza ya mteja nikupige picha, risiti nitaandika mwenyewe, nani atajua?" Na Shosho naye alisikia, akaingia ndani, akatoka na bonasi yake ya chai, ile pesa ambayo kiwanda humlipa mkulima mara moja kwa mwaka, imefungwa kwa leso, akasema, "Jenga ofisi yako, mimi nitangoja mwaka ujao." Sikuipokea lakini pia sijaikataa, iko pale juu ya kabati inaniangalia.

Hii ndiyo kazi ya kwanza ambayo mtu amenipa bila kuniuliza nilifika darasa la ngapi. Nichukue bonasi, au nichukue risiti ya Moffat? Fundi wa vyuma amesema dirisha halirudi. Jibu haraka, na ukihitaji godoro nitakupunguzia.

Ndungu, Mkurugenzi wa Dirisha,
Mathira

*

Mkurugenzi,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya kwanza kutafuta nukta. Umeniomba nichague kati ya njia mbili, na zote ni mbovu.

Tuanze na Moffat. Hiyo risiti ni wizi, hata kama ameiandika kwa mwandiko mzuri. Leo picha ya meza ya mtu, kesho Madam Beverlyne anakupigia simu ya video, utaikimbiza meza kwa nani? Mwambie Moffat ahsante, na umwambie nimemsalimia.

Bonasi nayo uirudishe kwa mikono yake jioni hii hii, usiiache juu ya kabati ikujaribu. Na hapa nataka unisikilize, kwa sababu umeandika jambo kubwa ukalipita kama mtu anayeruka dimbwi. Shosho anakwambia mlima uko karibu kwa kioo, wewe unasema ni mambo ya wazee. Mimi ni mtu wa ziwa, lakini nimefundisha Karatina miaka kumi na tisa, na ule upepo wa asubuhi unaotoka mlimani naujua, unakata macho mpaka yanatiririka. Nyuma ya kioo upepo haumfikii. Machozi yanakatika, mlima unaonekana, na macho yanayolizwa hivyo na upepo yana shida. Umekaa kando yake wiki nzima ukiuza usingizi kwa watu wa Kutus, hujamgeukia hata mara moja? Hiyo bonasi ina kazi. Wiki ijayo mpeleke hospitalini apimwe macho, na ukae naye kwa foleni bila kuongea habari za godoro.

Sasa kazi yako. Najua unaipenda, imejaa katika barua yote. Wateja wako uliwauzia dirisha ambalo halikuwepo, kisha pesa ilipokuja ukaenda kulinunua. Hapo, nikuambie ukweli, nilikupenda kidogo. Lakini ile pesa haikuwa yako ya kuotea ndoto. Mtu aliyekulipia kiti alikuwa anaufikiria mgongo wako, na mgongo wako utamkumbuka ukifika miaka thelathini ukiwa bado kwa kigoda cha kukamulia.

Kwa hivyo usingoje Ijumaa. Ukisoma hapa mpigie Madam Beverlyne simu, si ujumbe, simu. Usimwambie habari ya ukungu kabla hujamwambia habari ya pesa. Sema hivi: "Madam, pesa ya meza na kiti nilinunulia dirisha. Nimekosea. Naomba uikate kwa mshahara wangu kidogo kidogo, na risiti ya dirisha ninayo." Halafu unyamaze. Najua ni kazi ngumu kwako, lakini nyamaza. Akikuuliza swali, jibu swali hilo tu. Mtu wa biashara hafukuzi haraka kijana anayeuza kuliko wote na ameungama mwenyewe, ila akikufukuza utarudisha kompyuta ikiwa kavu, utatoka na jina lako, na kuna watu wengine wanauza magodoro.

Kisha jenga. Dirisha lishasimama, basi chumba kianzie hapo. Nenda kwa kiwanda cha mbao uombe mabanzi, yale maganda ya nje ya gogo yanayouzwa rahisi, na mabati machache ya mtumba. Moffat kama ni rafiki kweli akupigilie kuta Jumamosi, na wewe umsaidie kupiga msasa Jumamosi nne zinazofuata. Akutengenezee na meza ndogo, akupe risiti ya hiyo meza, yenye bei yake. Mpaka paa likae, rudi kwa chumba chako uondoe gunia kwa kile kitundu, ufanyie kazi hapo, na wateja wakikuuliza unaona nini uwaambie unaona jiko la nyanya yako. Jaribu uone. Pengine utauza zaidi.

Godoro sihitaji, mgongo wangu umezoea lililopo.

Kiti cha kwanza mtaelewana na Madam. Cha pili usimwandikie, ukinunue na mshahara wako, ukiweke hapo hapo mbele ya kioo kabla ya kiti chako. Shosho akitoka kituoni asikae tena kwa nyasi.

Mwalimu Adhis